Mkono Juu ya Kisima

Shuleni kwetu kulikuwa na mambo mawili yasiyobadilika: kengele haichelewi, na Makamu hashindwi. Mwanafunzi mgeni huambiwa hayo siku ya kwanza, kabla hata hajaonyeshwa choo kiko wapi.

Makamu ni makamu wa mkuu wa shule. Mkuu mwenyewe tunamwona siku za wageni. Zinazobaki zote ni za Makamu, na Makamu anaiendesha shule kwa kengele. Kengele yenyewe ni rimu ya gari iliyoning'inizwa nje ya ofisi yake, na nyundo ya kuigongea hukaa kwenye mfuko wa koti lake, asije mwanafunzi mwenye njaa akaisogeza saa ya chakula mbele. Ukisikia kitu kinagonga vitasa vya milango huku kinakuja, ujue ni koti la Makamu.

Hilo la kutoshindwa lina mizizi kwenye mpira wa wavu. Kila mwisho wa muhula walimu hucheza na wanafunzi. Nahodha wetu, ambaye siku za kawaida mpira wake ukigonga ukuta basi ukuta ndio unaoomba radhi, siku hiyo huipeleka mipira kwenye wavu taratibu kama mtu anayeanika nguo. Refa naye huhesabu mpaka walimu wafike kwenye ushindi. Hakuna aliyewahi kutuagiza. Ni adabu tu, kama kumpisha mkubwa mlangoni. Na Makamu hurudi ofisini anajipapasa bega, anamwambia katibu kwamba mkono bado una moto.

Sasa mwaka huu akaja mwalimu mpya wa jiografia, na mwalimu huyo, kwa bahati yangu mbaya, ni dada yangu. Tumbo moja, nyumba moja, tunatofautiana mswaki tu. Kabla hajaanza kazi alinikalisha jikoni akaniambia nikishavuka geti la shule yeye si dada yangu, ni Mwalimu, na nisimjue. Nikakubali. Siku ya kwanza darasani nikanyoosha mkono nikasema, "Dada, hapo sijaelewa." Tangu siku hiyo kidato cha tatu kizima kinamwita Dada, na mimi nyumbani naosha masufuria.

Ila kulikuwa na jambo ambalo halikuwa la mzaha. Dada alikuwa wa majaribio. Muhula ukikaribia kuisha, Makamu angekagua kipindi chake kimoja, na baada ya hapo ama anabaki, ama anarudi kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Mjomba, alikokuwa akipima misumari tangu amalize chuo. Mjomba hana ubaya. Lakini kila akija kwetu alikuwa anamwambia kwa upendo kabisa, "Kiti chako bado kipo, mwanangu. Jana nimekifuta vumbi." Dada anatabasamu, anashukuru, halafu anakwenda kuosha vyombo vilivyokwishaoshwa.

Mtu mwingine kwenye hali kama hiyo angefundisha kwa kunyata. Yeye akaingia darasani akatuambia tufunge madaftari. Alitaka kila kundi lichague tatizo moja linaloisumbua dunia nzima, lilitengenezee mchezo wa ubaoni, wenye kete na dadu na kila kitu. Mtu aketi, acheze, na akiinuka awe amelielewa tatizo bila sisi kumhubiria. Kwenye kuhubiri alikazia sana. Kundi litakaloandika "Tutunze mazingira" mahali popote kwenye ubao wake lingeanza upya.

Habari zikafika ofisi ya walimu kwa miguu ya haraka. Tukasikia Makamu amesema dadu ni kitu cha watu wasio na kazi, na kwamba hiyo kamari ya jiografia atakuja kuiona kwa macho yake. Katika vipindi vyote vya muhula, akachagua kukagua kile cha kucheza michezo yetu.

Kundi letu tulikuwa watatu. Mimi. Kisha msichana tunayemwita Kanuni, kwa sababu hata akicheza rede anataka kwanza tukubaliane mistari iko wapi. Wa tatu ni Kifutio, bonge la mtu mwenye vidole vyembamba, anayechora vizuri kuliko wote na kufuta zaidi ya anavyochora. Kifutio haongei. Ukimuuliza jambo anakubaliana na aliyesema mwisho.

Tulichagua maji. Ubao wetu ulikuwa upande wa ndani wa boksi la feni kutoka dukani kwa Mjomba. Katikati tukaweka kisima, yaani mfuniko wa ndoo ya rangi uliojaa vizibo vya soda tulivyovipaka buluu. Wachezaji ni wanne: Shamba, Kiwanda, Mji na Mifugo. Unarusha dadu, unasogea, na ukitua unaweza kujenga, ila kujenga kunakula maji. Unachota unachotaka, hakuna anayekupimia. Mzunguko ukiisha mvua inanyesha: kwa kila vizibo viwili vilivyobaki kisimani kinaongezwa kimoja. Mwenye majengo mengi mwisho wa safari ndiye mshindi. Lakini kisima kikikauka njiani, wote wanne mmeshindwa, hata mwenye maghorofa.

Tulikwenda kuujaribu kwetu Jumamosi, na Mjomba akajipa Kiwanda. Alichota kwa kiganja kizima kama anayekula karanga za watu. Kisima kilikauka kabla chai haijachemka. Tukarudia, kikakauka tena. Mara ya tatu Mjomba alipochota, Bibi, aliyekuwa Mifugo, akafunika kisima kwa kiganja chake.

"Hebu niambie kwanza," akasema, "ya nini yote hayo?"

Mjomba akarudisha nusu. Bibi mwenyewe hakuwa na falsafa yoyote. Alikuwa anataka maji ya ng'ombe wake wa karatasi. Lakini safari hiyo mchezo ulifika mwisho, na Kanuni alikuwa ameshaandika: mchezaji yeyote anaweza kuweka mkono juu ya kisima, anayechota ajieleze, wenzake wasiporidhika, arudishe nusu. Dada, aliyekuwa mlangoni akijifanya hatazami, akasema hapo ndipo mchezo ulipozaliwa.

Mchezo ulikuwa tayari. Aliyeuharibu ni mimi na akili zangu.

Siku moja kabla ya ukaguzi niliwaita wenzangu nyuma ya maktaba. Nikawaambia Makamu akiketi mezani kwetu, tumwachie ashinde. Mwalimu aliyeshinda ni mwalimu aliyefurahi, na mwalimu aliyefurahi harudishi mtu kupima misumari. Kifutio akakubali. Kanuni akakataa, akasema hakukesha anaandika kanuni ili zikae kama mapambo, na kwamba Dada alitaka mchezo wa kweli.

"Ni rahisi kusema hivyo," nikamwambia. "Si dada yako."

Kanuni akaangalia viatu vyake. Aliponiangalia tena alisema, "Haya," lakini kwa sauti ya mtu anayemeza dawa. Kifutio akakubali tena.

Siku yenyewe darasa lilikuwa limepangwa meza meza. Kundi la takataka lilikuwa na jalala linalokua mpaka linameza ubao. Kundi la misitu lilitumia njiti za kiberiti kuwa miti, na mjuaji mmoja alishataka kujua msitu unaungua vipi, kwa hiyo kona yao ilikuwa na harufu. Dada alikuwa amevaa blauzi yake ya mahojiano. Alipotaka kuandika tarehe ubaoni chaki ikakatika, akaokota kipande, nacho kikakatika, akaamua siku hiyo haina tarehe.

Makamu akaingia, koti likagonga kitasa. Kiti cha mkaguzi kilikuwa kimewekwa nyuma. Akakitazama kama kimemtukana. Akasema hakuja kutazama watu wakirusha dadu, alikuja kujua dadu inafundisha nini, kwa hiyo atacheza. Akapita meza ya misitu akikunja pua, akasimama kwetu, akausifu mchoro wa kisima. Kifutio akatamani kuufuta. Makamu akavuta kiti, akatoa nyundo mfukoni isimchome mbavu, akailaza kando ya ubao, akasema yeye ni Kiwanda.

Kanuni akamsomea taratibu zote. Alipofika kwenye mkono nikakohoa, akaisoma mbio mbio kama tangazo la tahadhari redioni. Makamu akasema naam, naam, akarusha dadu.

Kwa kweli alicheza kwa moyo. Alichota mara ya kwanza kiganja kimoja, akajenga karakana. Tukamwambia karibu, Mwalimu. Alichota mara ya pili viganja viwili, akajenga bohari. Tukasema hongera, Mwalimu. Kifutio, maskini, alipoona mkono wa Makamu haufiki vizuri, akamsogezea kisima. Mimi na wenzangu tulikuwa tunachota vizibo vya kulambia tu. Kanuni alikuwa amekalia mikono yake miwili. Dada akapita nyuma yetu, akaona kisima, akaona mikono ya Kanuni iko wapi, akanipa jicho. Halikuwa jicho la shule, lilikuwa la nyumbani, lile la masufuria.

Mvua ikanyesha, kidogo. Ikanyesha tena, ikawa manyunyu. Upande wa Makamu viboksi vya kiberiti, ambavyo ndivyo majengo yetu, vilikuwa vimepanda mpaka anatuchungulia kwa juu, na alikuwa amebakiza hatua chache afike mwisho wa ubao. Akajenga mnara kusherehekea. Kiganja chake kikasugua mfuniko, tukasikia kucha zikigusa plastiki.

Kanuni akachukua mfuniko, akaupindua. Hakikuanguka kitu.

"Kisima kimekauka," akasema. "Tumeshindwa wote."

Makamu akatabasamu kwa huruma. "Ninyi ndio mmeshindwa, binti. Mimi si nina majengo?"

"Wote, Mwalimu."

Akaiomba karatasi ya kanuni. Akaisoma mwenyewe, kidole kikifuata mistari. Meza za jirani zilikuwa zimeacha kucheza. Hakuna aliyejua Makamu akishindwa anakuwa na uso gani, maana uso huo haukuwahi kuonekana shuleni. Mbele ya darasa Dada alikuwa ameishika chaki mpaka imekuwa unga mkononi, na mimi nilikuwa nakiona kile kiti cha Mjomba, kimefutwa vumbi, kinamsubiri kando ya mizani.

Kidole cha Makamu kikasimama.

"Hii ya mkono," akasema polepole. "Ninyi watatu mna mikono?"

Tukasema tunayo.

"Mbona hamkunizuia?"

Kifutio akaangalia dari. Kanuni akaniangalia mimi. Nilikuwa natafuta jibu la adabu, lakini mdomo wangu huwa haunisubiri.

"Kwani wewe unazuilika, Mwalimu?"

Mtu wa meza ya takataka akatoa sauti kama puto linaloishiwa upepo. Makamu akanikazia macho. Halafu macho yakaniacha, yakazunguka darasa taratibu, meza kwa meza, mpaka yakamkuta nahodha wa mpira wa wavu.

"Na ule mpira?" akauliza.

Nahodha akainama chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakikuanguka.

Makamu akashika bega lake mwenyewe. Hakulipapasa, alilishika tu, kama mtu anayehakikisha kama mzigo ni wake. "Miaka yote hiyo," akasema, na alikuwa anakiambia kisima, si sisi.

Hapo mtu mwenye busara angeomba radhi, akakusanya maboksi, akatugawia ramani tunakili mito mpaka muda uishe. Nilimwona Dada akivuta pumzi, nikajua ndicho atakachofanya. Badala yake akaja mpaka mezani kwetu, akasimama mbele ya Makamu, unga wa chaki umemjaa kwenye blauzi ya mahojiano.

"Mchezo hauna kosa, Mwalimu," akasema. "Hawa wamecheza kwa adabu, na adabu haimo kwenye ile karatasi. Wakicheza inavyotakiwa, utaona."

Makamu akamtazama kutoka chini, kwa sababu alikuwa ameketi, na nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kumtazama mwalimu wa majaribio kutoka upande huo. Kisha akaanza kurudisha vizibo kisimani, kimoja kimoja, akabomoa mnara, akabomoa bohari.

"Tunarudia," akasema. "Na atakayeniachia, atafagia uwanja mpaka likizo."

Mzunguko wa kwanza akanyoosha kiganja kama kawaida yake. Mkono wa Kanuni ukatua juu ya kisima hata kabla hajagusa maji.

"Ya nini, Mwalimu?"

Makamu akajieleza. Akasema anataka kuujenga tena mnara wake, kwa sababu ana wafanyakazi, na wafanyakazi wana watoto, na watoto wana ada. Alijieleza vizuri kiasi kwamba Kifutio alilainika. Lakini Kanuni akamuuliza wafanyakazi wanakunywa mnara? Makamu akachota nusu tu, ananung'unika. Zamu yangu ilipofika nikachota kidogo tu, ndipo mkono wenye saa kubwa ukafunika kisima.

"Ya nini hayo?"

"Bwawa la kuogelea, Mwalimu. Mji wangu una joto."

"Rudisha. Waoge kwa ndoo."

Kuanzia hapo pakawa kama sokoni. Makamu alitaka kunikopesha mvua ya kesho. Kanuni akamwonyesha kwamba mvua ya kesho haimo mkononi mwa mtu. Makamu akamshtaki Kifutio kwamba ng'ombe wake wanakunywa kuliko tembo, na Kifutio, ambaye tangu kidato cha kwanza hatujamsikia akimaliza sentensi, akaweka kiganja mezani akasema: "Ng'ombe wangu wanakunywa wanachokunywa ng'ombe, na hicho kiwanda chako kinatoa nini hasa, mbona hatujawahi kuona bidhaa?" Makamu akafikiri. Hakuwa amechagua bidhaa. Akaomba muda.

Katikati ya vurugu hiyo katibu wa shule akatokea dirishani. Akaikodolea macho nyundo iliyolala kando ya ubao, akamtazama Makamu, akanong'ona kwamba muda wa kengele umepita, madarasa yanauliza, jikoni chakula kinapoa. Makamu hakugeuka hata shingo.

"Subiri," akasema. "Mvua inanyesha."

Shule nzima ikasubiri. Kidato cha kwanza walikuwa kwenye hesabu, na mpaka leo wanatulaumu.

Tulifika mwisho wa ubao kisima kikiwa na maji ya kutosha kuanza mchezo mwingine. Kanuni akahesabu majengo. Kifutio alikuwa wa kwanza na mabanda yake, Kanuni mwenyewe wa pili, Makamu wa tatu, na mimi nimetoka mwisho na mji usio na bwawa.

"Wa tatu," Makamu akasema. Alilirudia neno kama mtu anayeonja chumvi, kisha akainuka. Akaitia nyundo mfukoni, akajinyoosha koti. Alipopita kwa nahodha akasimama.

"Wewe. Mwisho wa muhula, upige mpira."

"Kweli kweli, Mwalimu?"

"Ila si usoni."

Mlangoni koti likagonga kitasa, na yeye akageuka kana kwamba kitasa kimemkumbusha jambo. Akamwambia Dada kwamba meza za darasa hilo ni chache mno kwa mambo kama hayo, muhula ujao hazitatosha, amwambie mapema anataka ngapi.

"Muhula ujao, Mwalimu?" Dada akauliza.

"Kwani una safari?"

"Sina."

"Basi." Akaenda zake. Baadaye kidogo kengele ikalia, imechelewa kuliko ilivyowahi kuchelewa, na imegongwa kwa nguvu kweli kweli. Dada akatupa mgongo, akachukua kifutio cha ubao, akaanza kufuta. Ubao haukuwa na kitu, siku hiyo hata tarehe haikuandikwa. Tulimwacha afute. Kanuni tu ndiye aliyenisogelea akaniambia kwamba hata kama si dada yake, amefurahi, na kwamba nikimwambia tena akalie mikono atanionyesha kazi nyingine ya mikono.

Jumamosi Mjomba akaja kula kwetu. Alikuwa ameshaambiwa. Alimpongeza Dada mara nyingi, na katikati ya pongezi anapumua kama gurudumu lililotoboka. Sinia lilipobaki na kipande kimoja cha nyama, kizuri, chenye mafuta pembeni, mkono wake ukaanza safari. Haukufika. Kiganja cha Bibi kilikuwa juu ya sinia.

"Ya nini?" Bibi akauliza.

Mjomba akatutazama mmoja mmoja. "Mama, wiki hii nimempoteza mtu wa mizani. Kile kiti nimekiwekea makopo ya rangi. Mnataka nikose na nyama?"

Bibi akamgeukia Dada, kwa kuwa anayechota akishajieleza, wenzake ndio wanaoridhika au hawaridhiki. Dada akalifikiria suala hilo kwa uzito wote wa mwalimu wa kudumu.

"Arudishe nusu," akasema.

Ile nusu nikaila mimi. Hakuna aliyekuwa ameweka mkono.